Namba Chini ya Tangazo

Kwanza tuelewane: mimi si daktari. Sijawahi kuwa daktari, na koti pekee nililonalo lina madoa ya rangi kumi na tatu. Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukiona duka la mji huu limeandikwa vizuri, herufi zimesimama wima kama watu wenye adabu, ujue ni mkono wangu. Ukiona limeandikwa "Tunauza Mayayi", huo si mkono wangu, na tafadhali usinionyeshe, maana nitakosa usingizi.

Watu wananiita Chapuchapu. Jina nilijipa mwenyewe, enzi ujana unanidanganya. Niliandika juu ya mlango wa karakana yangu: CHAPUCHAPU. UNALETA ASUBUHI, UNACHUKUA MCHANA. Jina likashika, nami nikalipenda miaka kumi mizima. Kisha nikaoa. Tangu wiki ya pili ya ndoa, kila mtu akinipigia kelele barabarani, "Oyaa, Chapuchapu!", nilihisi kuna mtu amemwambia siri yangu.

Haya, nimeshaanza, basi niseme lote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa namaliza mapema. Mapema kiasi gani? Mwenye haya aruke mstari. Siku moja mke wangu alianza kuninong'oneza jambo tamu sikioni, na kabla sentensi yake haijafika kwenye kitenzi, mimi nilikuwa nimeshamaliza na ninaomba radhi.

Mke wangu ni muuzaji katika duka la rangi na vifaa vya ujenzi, pale chini mwisho wa barabara. Tulijuana palepale kaunta. Niliomba kopo la rangi nyekundu, akaniuliza, "Nyekundu ipi, fundi? Ya hatari au ya mapenzi?" Nikanunua zote mbili. Mpaka leo ananiita Fundi, na akilitamka yeye, neno hilo linakuwa na herufi kubwa mwanzoni. Basi usiku ule wa kitenzi hakununa wala hakucheka. Alinipapasa mgongo akasema, "Si kitu, Fundi."

Si kitu! Jamani, maneno mawili tu, lakini yaliniingia kama msumari. Mwanaume aliye katika hali ile ukimwambia "si kitu", yeye anasikia "wewe si kitu". Mimi ambaye kazi yangu ni maneno, niliyasoma vibaya hayo mawili na nikalala nayo.

Nikaanza ujanja. Mtu mmoja aliniambia nifikirie kitu kingine, nikawa kitandani nikihesabu kimoyomoyo rangi zote za dukani, nyeupe, maziwa, kijivu, samawati. Sikuwahi kufika samawati. Nikanunua dawa kwa mchuuzi, kichupa chenye picha ya simba, nikaambiwa nipake kidogo. Nilipaka. Nitasema tu kwamba simba yule hakuwa picha, na kwamba niliruka bafuni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Baada ya simba nikachagua njia ya waoga. Nikawa na kazi nyingi. Nilibaki karakana nikipaka vibao ambavyo hakuna aliyeviagiza, narudi nyumbani mwenzangu amelala, nampa mgongo, naondoka hajaamka. Nilijiambia namwepushia usumbufu. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa mtihani, nikaacha kwenda shule.

Jumatatu moja asubuhi nilimkuta amekaa jikoni ananisubiri. Mezani kulikuwa na mkoba wake, ule mkubwa wa safari, umefungwa.

"Wewe," akasema. Si Fundi. Wewe. "Kama una mwanamke mwingine niambie, nijue moja."

"Mwanamke? Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Dada yangu ananisubiri Jumamosi. Kama una la kuniambia, useme kabla ya Jumamosi. Mkoba huu naupeleka dukani leo; kama huna, Jumamosi nitatokea hukohuko."

Nilifungua mdomo. Alisubiri kidogo, kisha akabeba mkoba wake akaenda kazini, na mimi nikabaki namwangalia mtu ninayempenda kuliko kitu chochote anashuka ngazi kwa sababu ya jambo ambalo ningeweza kulisema kwa pumzi moja.

Kumbe masaibu hayaji moja moja. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa na kazi ya ukuta wa zahanati, ule unaotazama barabara kuu. Daktari wa pale ni mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Alinipa karatasi. "Maneno ndiyo hayo," akasema, "na namba ya simu iko nyuma ya karatasi. Ni laini mpya, hata mimi sijaishika kichwani. Andika makubwa, mwanangu, wanaume hawasomi."

Akarudi ndani kwa wagonjwa wake. Nikasoma karatasi. JE, UNAMALIZA MAPEMA? HAUKO PEKE YAKO. LINATIBIKA. USIONE AIBU, PIGA SIMU.

Nilitazama kushoto na kulia, nikidhani mke wangu amepita hapo kabla yangu.

Sasa, asiyejua kazi hii hajui adha yake. Bango la ukutani unaliandika herufi moja baada ya nyingine, na watu wanapita, na kila anayepita anasoma palipofikia. Nilipofika UNAMA, mama mmoja mwenye ndoo akasimama. "Unama nini?" akauliza. Nilipofika UNAMALIZ, walikuwa saba. "Unamaliza nini?" "Shule?" "Mkopo?" Nilipoweka MAPEMA na alama ya kuuliza, yule mwenye ndoo akasema, "Eeeh! Makubwa haya!" na wote wakageuka kunitazama mimi, kana kwamba aliyeshika brashi ndiye mwenye habari.

Nikaandika mbio, sijawahi kuandika mbio vile, ili nishuke ngazi ile nikajifiche. Nikafika mstari wa mwisho. Na hapo ndipo mkono ukafanya unachofanya siku zote. Kila kazi yangu naifunga kwa namba yangu ya simu pale chini. Siweki jina, naweka namba tu, anayenitaka atanipata. Miaka kumi, mabango mia kadhaa, mkono haujawahi kuniuliza. Karatasi sikuigeuza.

Daktari akatoka. Akatazama juu, akapiga makofi. "Eh! Umemaliza mapema!"

Nusura nianguke. "Nani kakuambia?"

"Si naona mwenyewe," akasema, akinyoosha kidole ukutani. "Nilitegemea mpaka jioni. Kazi safi kabisa, Bwana Chapuchapu."

Mchana nikiwa karakana simu ikalia.

"Halo," sauti ya mwanaume, ya chinichini. "Ni pale pa kumaliza mapema?"

"Ndiyo, bwana!" nikasema kwa furaha, maana nilidhani ni mteja. "Hiyo ndiyo sifa yetu. Unaleta asubuhi, unachukua mchana."

"Nale... naleta nini?"

"Lete chochote ulichonacho. Kidogo, kikubwa, hatubagui. Ila unipimie kwanza urefu na upana."

"Urefu na upana?"

"Lazima. Kikizidi futi sita itabidi nije na ngazi."

Simu ikakatwa. Nikasema watu wa siku hizi hawana adabu. Dakika kumi baadaye akapiga mwingine. "Daktari, nimeona namba yako ukutani, naulizia kwa niaba ya rafiki yangu," akasema, na damu ikanihama mwilini ikaenda nisikokujua.

Nilikimbia mpaka zahanati. Nilimweleza daktari kosa langu, la namba, si lile jingine. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa, akacheka tena. "Basi kafute, uandike hii yangu," akasema. Tukatoka nje pamoja, na wakati huohuo mvua ikaanza. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya kumwaga, na mwenye kazi yangu anajua: ukuta uliolowa haushiki rangi ya mafuta. Ukipaka leo, kesho inabanduka kama ngozi ya kiazi. Lazima mvua iache na ukuta ukauke.

"Si neno," daktari akasema. "Wakipiga, usiwakatie. Mtu aliyejikaza mpaka akapiga simu ukimkatia hapigi tena. Wasomee hii, kisha waambie waje wanione. Na usimpe mtu dawa!" Akanipa karatasi mbili za maelezo, zimechapwa kwa herufi ndogo mbovu zisizo na nafasi. Nilizichukua hivyohivyo.

Mvua ilinyesha Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na simu ililia. Kwa kuwa sauti yangu inajulikana mjini, nilivaa barakoa ninayotumia nikipulizia rangi, nikawa nazungumzia humo kwa sauti nzito. Kila aliyepiga alikuwa na rafiki. Mwenye rafiki yake aliyeoa juzi. Mwenye rafiki yake mwenye wajukuu. Kufika Alhamisi nilikuwa na marafiki kumi na tisa, na mimi niliyedhani niko peke yangu duniani, nikaanza kujiuliza ni nani basi katika mji huu asiye na rafiki.

Alhamisi mchana akapiga mtu mwenye sauti ya panga kwenye mfupa. Niliijua mara moja. Alikuwa muuza nyama wa pale kona, ambaye kwa kinyozi tulimpa jina la Saa Nzima. Huyu bwana akikaa kwenye benchi la kinyozi hana hadithi nyingine. "Mimi? Saa nzima! Mke wangu mwenyewe anaomba mapumziko!" Tulikuwa tunacheka, na mimi nikicheka kuliko wote, kisha narudi karakana nimenywea. Kibao cha duka lake kilichorwa na mtu mwingine, kina ng'ombe anayefanana kabisa na mbwa, ndiyo maana hana namba yangu.

"Daktari," akasema, "nina rafiki."

"Rafiki yako anafanya kazi gani?"

"Anauza ny... nyanya."

"Sawa. Huyo muuza nyanya anachukua dakika ngapi?"

Akashusha pumzi. "Mbili, Daktari. Na hizo mbili ni pamoja na kuvua soksi."

Niliuma barakoa. Nilikunja ngumi, machozi yakanitoka kwa kujizuia kucheka. Debe tupu haliachi kuvuma! Nilikuwa natunga jinsi nitakavyokwenda kwa kinyozi jioni hiyohiyo, nikae benchi la mbele, nianze. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Unajua, Daktari, mimi napiga sana kelele mbele za watu. Napiga kelele ili wasiniulize."

Kicheko kikaniisha. Mtu huyu alikuwa amebeba mzigo uleule niliobeba mimi, ila yeye aliubeba kwa kelele na mimi kwa kimya. Nikachukua karatasi za daktari, nikamsomea polepole, kila neno.

Nikamsomea kwamba wanaume wengi sana hupitia hali hii, wengine kwa muda, wengine tangu ujana. Kwamba mara nyingi hofu ya kumaliza ndiyo inayomalizisha: mtu anaingia kitandani kama anaingia mahakamani, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, mwili unaona kuna hatari unafunga kazi haraka. Akishindwa leo, kesho anaogopa zaidi, na akiogopa zaidi anawahi zaidi. Kwamba kuna mazoezi: wakiwa wawili, akihisi yuko karibu, wasimame, wapumue, watulie, kisha waanze upya, hakuna anayewafukuza. Kwamba wakati mwingine kuna ugonjwa nyuma yake, ndiyo maana apimwe na daktari wa kweli, na kwamba zipo dawa, lakini za kuandikiwa, si za kichupa.

"Hata chenye simba?" akauliza.

"Hasa chenye simba," nikasema kwa uchungu.

"Na mwisho, karatasi inasema nini?"

Nilisoma mstari wa mwisho. "Mwambie mwenzako. Mzigo wa wawili haubebwi na mmoja."

"Atanicheka, Daktari."

"Hatakucheka," nikasema kwa sauti yangu nzito, bila kusita hata kidogo. "Mwanamke aliyeolewa na wewe anataka kujua kilichokusibu, hataki kuhesabu dakika. Mwambie leo. Usilale nalo."

"Leo?"

"Leo hii!"

Alinishukuru mara tatu. Nikakata simu, nikavua barakoa, nikakaa juu ya kopo la rangi. Mganga hajigangi. Nilikuwa nimemtuma muuza nyama mahali ambapo mimi mwenyewe niliogopa kwenda, na ilikuwa imebaki siku moja.

Ijumaa nikaenda zahanati, mwavuli umepinduka.

"Dokta," nikasema, "kuna mpigaji mmoja ananisumbua."

"Anasumbua nini?"

"Maelezo yote ameyaelewa. Ile ya kupumua ameielewa, ile ya kusimama ameielewa. Ila ile ya mwisho, ya kumwambia mke, imemkaa kooni."

"Mkewe amemuuliza?"

"Amemuuliza. Amempa mpaka kesho."

"Mh. Anafanya kazi gani huyo mpigaji?"

"Anauza viatu."

Daktari akavaa miwani. Alinitazama mikono, nyekundu mpaka kwenye viwiko. Akanitazama kope, ambazo zina rangi nyeupe tangu mwezi uliopita. Hakucheka safari hii, na namshukuru.

"Mwambie huyo muuza viatu," akasema taratibu, "Jumatatu saa nne aje yeye na mkewe. Nitampima, nitamuuliza maswali machache, na hatakuwa mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho wiki hii. Mimi nina dawa za baadaye. Ya kwanza iko kwake, na haiuzwi." Akafungua mlango. "Na umwambie asiwe anapaka rangi bila glavu."

Ijumaa hiyo nilirudi nyumbani mapema, nimedhamiria. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikasema, "Mke wangu." Akageuka haraka, macho yamefunguka, akasubiri. Nikasema, "Mvua hii, eh?" Akageukia nguo zake. Laiti angenipiga kwa pasi, ningemshukuru.

Jumamosi mvua ikaacha. Jua likawaka kama halijawahi kukosekana, na kufika saa sita ukuta wa zahanati ulikuwa umekauka. Nilipanda ngazi na kopo la rangi nyeupe. Moyo wangu ulikuwa kule chini mwisho wa barabara, kwenye duka lile, kwenye mkoba ule. Nilijua atafunga saa saba, na saa saba na robo atakuwa ameshaondoka kwa dada yake. Nilijiambia nikimaliza namba hii nitakwenda. Nikafuta tarakimu ya kwanza. Polepole safari hii. Mtu anayeogopa aendako hana haraka kabisa, hili nililigundua juu ya ngazi.

Nilikuwa nimefuta tarakimu tano simu ikalia mfukoni. Nikatazama kioo. DUKA LA RANGI, simu ya kaunta, ile ninayoagizia mzigo.

Nikapandisha barakoa kutoka kidevuni mpaka mdomoni. "Halo."

"Halo," akasema mke wangu. "Nimempata daktari?"

Ngazi ikayumba. Nilishika ukuta, kiganja kikaingia kwenye rangi mbichi. Nikakohoa, nikashusha sauti mpaka tumboni. "Ndiyo, mama. Sema tu, usione haya."

"Naulizia kwa niaba ya mume wangu."

Watu ishirini na sita walikuwa wamenipigia wiki ile, na wote waliulizia marafiki. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja mwenye mambo.

"Anamaliza mapema?" nikauliza.

"Hilo nalijua tangu wiki ya pili. Silo lililonifanya nipige."

"Umepigia lipi?"

"Daktari, mimi dakika zake sijawahi kuzihesabu. Nilichohesabu ni siku anazonipa mgongo. Leo ni ya arobaini na moja." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini nilisikia anavyoishikilia. "Nilidhani ana mtu. Kisha Jumanne nikapita hapo ukutani kwenu na mwavuli wangu, nikasoma. Nikasoma vizuri, mpaka namba ile ya chini kabisa. Nikasema, ah."

"Ukasema ah."

"Nikasema ah. Nikasubiri aseme mwenyewe. Jumatano, kimya. Alhamisi, kimya. Jana akafungua mdomo, nikashukuru Mungu, akaniambia habari za mvua. Sasa nauliza, Daktari, inawezekana mtu akamwonea mkewe haya kiasi hicho?"

"Inawezekana," nikasema. "Anaogopa utamwona si mwanaume."

"Nani kamwambia?"

"Ulimwambia si kitu."

Nilisikia nilichosema kikiwa kimeshatoka. Barakoa ilikuwa imeshuka shingoni, sijui tangu lini, na sauti ilikuwa yangu mwenyewe, ile ya kila siku. Chini yangu mama mwenye ndoo alikuwa amesimama ananitazama, na sikujali.

"Nilimwambia si kitu," akasema, "maana yake si neno, tupo, nakupenda, lala."

"Yeye alisikia yeye ndiye si kitu."

"Masikini!" Sauti ikamvunjika, sikujua ni kilio au kicheko, nadhani vyote. "Herufi zote anazijua. Anagombana na mji mzima kwa ajili ya herufi. Maneno mawili yamemshinda!"

Nililia, nakiri. Juu ya ngazi, mchana kweupe, chini ya maandishi ya futi mbili niliyoyaandika kwa mkono wangu, USIONE AIBU.

"Dokta anasema Jumatatu saa nne," nikasema nilipoweza. "Muende wote wawili. Atampima."

"Tutakwenda. Sasa, Daktari, nisaidie jambo la mwisho."

"Sema."

"Nina mkoba wangu hapa chini ya kaunta, mzito kweli. Mwambie Fundi aje anibebee, turudi nyumbani."

Fundi. Kwa herufi kubwa.

"Nitamwambia," nikasema.

"Na mwambie asije mbio. Barabara inateleza, na mimi siendi popote. Namsubiri."

Nilishuka ngazi hatua kwa hatua. Namba niliiacha ilivyo, nusu imefutika, nusu ipo, na ikabaki hivyo mpaka Jumatatu. Mama mwenye ndoo akaniambia, "Pole, mwanangu," nikamwambia asante. Nikashuka barabara kwa mwendo wa mtu anayetembea, si zaidi, nikikwepa madimbwi, nikipumua. Njia ya dakika kumi niliifanya ishirini na tano.

Alikuwa amekaa nje ya duka lililofungwa, mkoba umelala miguuni kwake. Alinitazama rangi iliyonikauka kiganjani, kisha saa yake.

"Umechelewa, Fundi," akasema.

Nikasema, "Asante."